Lucas na namba tasa ya tarakimu 39

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, ubao wenyewe ndo huu mdogo. Naiandika yote: 170141183460469231731687303715884105727. Ni mbili kipeo cha 127 toa moja, na ni namba tasa. Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, kwa mkono, hamna kompyuta hamna nini, na mpaka mwaka 1951 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuipita.

Sasa alijuaje? Mkinambia aligawa kwa kila namba ntacheka, maana hata mashine inayojaribu vigawo bilioni moja kila sekunde ingekesha zaidi ya miaka 400 kabla haijafika kwenye kipeuo cha pili cha hiyo namba. Lucas hakutafuta kigawo kabisa, huo ndo utamu wake.

Njia yake, ambayo Lehmer wa Marekani aliinyoosha mwaka 1930, tuijaribu kwa 31, yaani mbili kipeo cha 5 toa moja. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe utoe 2, unapata 14. Rudia, 196 toa 2 ni 194, gawa kwa 31 uchukue baki tu, 8. Rudia tena, 64 toa 2 ni 62, gawa kwa 31, baki sifuri. Kipeo ni 5 kwa hiyo hatua ni tatu, mbili pungufu, na ya mwisho ikitoa sifuri basi ni tasa, isipotoa si tasa, hamna mjadala. Kwa 127 ni hatua 125 basi!

Na hata kugawa hugawi. 194 kwenye mfumo wa mbili ni 11000010, kata tarakimu tano za kulia, 00010, hiyo ni 2, kushoto imebaki 110, ni 6, jumlisha, 8 ileile. Kompyuta inaipenda hii kupita maelezo.

Mersenne, mtawa Mfaransa, mwaka 1644 alikuwa ameshasema mbili kipeo cha 67 toa moja nayo ni namba tasa. Lucas akaonyesha hapana, lakini kigawo hata kimoja hakukitaja, na ilibidi kusubiri mpaka 1903 ndo Cole, Mmarekani, akaleta 193707721 mara 761838257287. Miaka 27 watu wanajua inagawanyika ila hawajui inagawanyika kwa namba gani!

Tena angalieni, kila jibu lifanyeni kipeo kipya cha mbili, mtoe moja: 2 inatoa 3, 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 127 inatoa hii ya ubaoni, zote tasa. Inayofuata je? Hajui mtu. Njia ya Lucas hapo imegoma, kwa sababu idadi ya hatua zenyewe ni namba ya tarakimu 39, kwa hiyo kilichobaki ni kuvizia vigawo kimoja kimoja, kazi ileile aliyoikwepa Lucas.