Nyumba Nyekundu ya Bexleyheath: Kutengeneza Pasipo Kufuta

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nyumba nitakayoizungumzia jioni hii iko Bexleyheath, kusini-mashariki mwa London, mahali ambapo zamani palikuwa shamba la matunda katika jimbo la Kent, na wenyewe huiita Red House, yaani Nyumba Nyekundu. Ilijengwa kati ya 1859 na 1860, katika enzi ya Malkia Victoria, kwa ajili ya William Morris, msanii wa mapambo, wakati huo kijana wa miaka 25 aliyekuwa amemuoa Jane Burden mwaka huohuo wa 1859. Nimeichagua miongoni mwa nyumba nyingi za enzi ile kwa sababu mwenyewe ndiye aliyekuja baadaye kusimama hadharani na kuupinga ukarabati wa majengo ya kale kama ulivyokuwa ukifanywa nchini mwake, na kwa hiyo kila anayeishika nyumba yake leo hana budi kujiuliza ataitengeneza vipi bila kumkana aliyeijenga.

Msanifu wake alikuwa Philip Webb, mwenye miaka 28, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kujitegemea. Nyumba nyingi za matajiri wa wakati ule zilipigwa lipu juu ya matofali, kisha zikapakwa rangi ili zionekane kama mawe ya thamani. Webb aliyaacha matofali yake mekundu wazi, akaezeka paa la mwinuko mkali kwa vigae vyekundu, na madirisha akayaweka pale chumba kilipohitaji mwanga, bila kujali kama kwa nje yatalingana safu kwa safu. Ramani yake ina umbo la herufi L, na katika kona ya ua kuna kisima chenye paa la mfano wa pia. Gharama ilifika takriban pauni 4,000, fedha ambazo Morris aliweza kuzitoa kwa kuwa alirithi hisa za mgodi wa shaba wa Devon. Dosari zilikuwapo: vyumba vikuu vilielekezwa kaskazini, na katika nchi ya baridi kama Uingereza maana yake ni kwamba jua la majira ya kipupwe halikuvifikia.

Samani za madukani hazikumridhisha Morris, hivyo yeye, mkewe na marafiki zao wakashika brashi na sindano wenyewe. Jane alitarizi mapazia ya ukutani. Rafiki yao mchoraji, Edward Burne-Jones, alichora kuta za sebuleni kwa picha za harusi ya kisa cha kale, akampa bwana harusi sura ya Morris na bibi harusi sura ya Jane. Kutokana na kazi hiyo ya pamoja, mwaka 1861 walianzisha kampuni yao ya mapambo. Mipango ilikuwa kuongeza ubawa wa pili ili familia ya Burne-Jones nayo ihamie pale, lakini mwaka 1864 maradhi na msiba wa mtoto viliwaondolea marafiki hao nia ya kuhama. Mwaka uliofuata Morris alirudi London, akakaa juu ya karakana yake. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka 5 tu, na inasemekana hakuweza kurudi kuitazama tena.

Sasa tuje mwaka 1877. Makanisa ya kale ya Uingereza yalikuwa yakikarabatiwa kwa namna moja: lipu ya karne nyingi ilikwanguliwa mpaka jiwe likabaki uchi, kazi za vizazi vya karibuni zikang'olewa, na mahali pake zikawekwa nyingine mpya kwa kukisia tu jinsi mambo yalivyokuwa miaka mia sita iliyopita. Morris, pamoja na Webb huyohuyo, wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale ambacho kipo mpaka leo. Rai yao ilikuwa kwamba jengo litunzwe kila siku, paa linalovuja lizibwe, ukuta unaoelemea upande upewe nguzo inayoonekana wazi kuwa ni nguzo, lakini asitokee mtu akajifanya fundi aliyekwisha kufa. Sisi katika Kiswahili neno letu la "ukarabati" limebeba mambo haya mawili kwa pamoja, kuzuia uharibifu na kurudisha sura ya zamani, na nadhani ndiyo sababu mabishano yetu kuhusu majengo huenda mbali kabla hatujagundua kwamba tunazungumzia kazi mbili tofauti.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika udongo wa kujengea. Nyumba za matofali laini za zamani hujengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu, kwa hiyo maji ya mvua yaliyoingia ukutani hutokea kwenye maungio na kukauka. Fundi wa leo akiyajaza maungio hayo kwa saruji, akiamini kwamba kilicho kigumu ndicho kilicho bora, maji hukosa njia na kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe. Ikija baridi ya kugandisha, tofali hubanduka tabaka kwa tabaka. Chokaa kwenye ungio ndiyo inayopaswa kuliwa na hali ya hewa na kubadilishwa baada ya miaka mingi, ili tofali libaki. Watu wa pwani yetu, ambao wazee wao walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya Morris nyumba ilipita katika mikono mingi. Mwaka 1952 iliangukia kwa msanifu Ted Hollamby na mkewe Doris, walioishi humo karibu nusu karne, wakaitengeneza kwa mapenzi na kubandika karatasi za ukutani zenye michoro ya Morris. Tangu 2003 iko chini ya National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale. Mwaka 2013 wahifadhi walitangaza kwamba katika chumba cha kulala, nyuma ya kabati kubwa na chini ya matabaka yaliyoongezwa baadaye, wamefunua mchoro mzima wa ukutani, uliochorwa ufanane na kitambaa kilichotundikwa, wenye Adamu na Hawa, Nuhu akishika safina, Raheli, na Yakobo na ngazi yake. Kabla ya hapo zilijulikana sura mbili tu zilizofifia, na inaaminika kuwa mikono ya marafiki kadhaa ilishiriki.

Je, kuyaondoa yale matabaka hakukuwa ni kukwangua kulekule alikokulaani Morris? Nimelifikiria sana swali hili, na naona si sawa, kwa kuwa hapa hakuna kilichobuniwa: kilichokuwa chini kilikuwapo kweli, na rangi iliyokifunika haikuwa na neno la kwake la kusema. Karatasi za akina Hollamby ni jambo jingine. Morris hakuzibandika yeye, lakini hao waliishi humo karibu mara kumi zaidi yake, na mimi ningeomba ziachwe palepale. Na kwenye dari, ambapo lipu mbichi ilitobolewa vidoto ili kumwongoza mchoraji, vidoto hivyo vinaonekana hata sasa, na vinatosha kumwonyesha fundi ruwaza ilivyokwenda bila yeye kulazimika kubahatisha.

Ubawa wa pili ambao Webb aliuchorea ramani haukujengwa. Michoro yake ipo, na mwenye fedha angeweza kuufuata kwa usahihi kabisa, akalifunga umbo lile la L likawa ua kamili kama walivyotaka marafiki wale. Hakuna aliyefanya hivyo, na ua wa kisima umebaki wazi upande ambao Burne-Jones angekaa.