Sumu Iliyolala kwenye Tope la Bahari

Assalamu alaykum. Nimeombwa niseme juu ya bahari yetu, nami nitasema juu ya tope, maana maji tunayoyaona pale Malindi ya Unguja hayatupi habari yote.

Humo topeni ipo DDT, dawa ya kuua wadudu iliyopulizwa kwenye kuta za nyumba zetu karne iliyopita kupambana na malaria. Ipo PCB, kemikali ya viwandani iliyokuwa ikitiwa kwenye transfoma za umeme. Zote mbili zimo katika Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao mataifa yaliuweka kupiga marufuku au kubana sumu zisizooza upesi. Hazichanganyiki na maji. Mvua ikizifikisha pwani hujipaka kwenye chembe za tope laini, kama samli inavyoganda ubavuni mwa sufuria, zikazama nazo. Kwa hiyo tope jeusi la mikoko huzishika kuliko mchanga mweupe. Na chini kule hewa ni haba, uozaji unakwenda kwa kujikokota. DDT yenyewe ikivunjika hutoa DDE, nayo ni kaidi vilevile.

Inayonishughulisha zaidi ni rangi ya vyombo. Wazee wetu walipaka majahazi deheni, yaani mafuta na chokaa, na haukupita muda chombo kikapandishwa pwani kupakwa tena. Kazi ya kuchosha ile. Siwalaumu waliotafuta rangi ya kudumu. Basi ikaja yenye tributilitini, sumu ya kuzuia viumbe wa baharini wasigande kwenye chombo. Nanogramu moja, yaani gramu iliyogawanywa mara bilioni, kwenye lita ya maji yatosha kumwotesha uume konokono jike wa baharini. Wako ambao njia ya mayai huziba kabisa, wakafa na mayai tumboni. Marufuku yake ilipitishwa 2001, ikaanza kazi 2008, lakini chembe zilizobanduka zamani hukaa topeni miongo kadhaa.

Mnyoo hula tope, samaki humla mnyoo, papa humla samaki, na kila hatua DDT na PCB huzidi kujikusanya kwenye mafuta ya mwili.

Mtaniuliza, si tulichimbe tulitoe? Hapana, si kwa pupa. Sumu iliyofunikwa na tope jipya, mara nyingi salama yake ni kuachwa. Anayetaka kuchimba bandari alipime tope kwanza, aseme atalimwaga wapi, na pasiwe karibu na wanapookota chaza kina mama wa Fumba. Nanyi mafundi, mkikwangua rangi kuukuu, tandikeni turubai chini ya chombo, mzoe makombo yote kabla maji hayajajaa.