Jinsi ya kuchagua mgahawa wa hadhi mjini Lyon

Habari zenu jamani. Nipo Lyon, Ufaransa, mtaa wa rue Royale. Mlango huu mnaouona nyuma yangu ni wa La Mère Brazier. Eugénie Brazier, binti wa shambani, alifungua mgahawa hapa mwaka 1921. Kufikia 1933 alikuwa na nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, hapa, na tatu nyingine kwenye mgahawa wake wa pili huko mlimani. Paul Bocuse, aliyekuja kuwa mpishi maarufu, alipita jikoni kwake akiwa kijana.

Kwanza, zielewe nyota. Zinapima chakula kilicho kwenye sahani, siyo vitambaa vya meza. Moja, simama ule. Mbili, acha njia yako uufuate mgahawa. Tatu, funga safari kwa ajili yake tu. Na hazidumu: mgahawa wa Bocuse ulikuwa na tatu tangu 1965, mwaka 2020 ukabaki na mbili. Kwa hiyo tazama orodha ya mwaka huu, siyo sifa ulizosimuliwa na mjomba. Ukiona mahali pameandikwa "bouchon", hapo ni kwa vyakula vya kienyeji, utumbo na kadhalika. Patamu sana, ila leo hatuendi huko.

Pili, nenda mchana, siku ya kazi. Hapa ndipo watu wanapoteza hela bure. Mpishi ni yuleyule, jiko ni lilelile, lakini mara nyingi mlo wa mchana una bei nafuu kuliko wa usiku. Sogea mlangoni usome bei. Sheria inawataka wazibandike nje. Angalieni hapa: "carte" ndiyo orodha ya vyakula. "Menu" ni mlo mzima uliokwisha pangwa, kwa bei moja. Na "entrée" ni cha kuanzia, usije ukaagiza ukidhani ndicho chakula chenyewe. Mimi napenda carte fupi. Nikikuta vyakula arobaini, au nyanya mbichi mwezi wa Januari, naendelea na safari yangu.

Tatu, weka nafasi mapema. Wengi hufunga Jumapili na Jumatatu, na Agosti wengine huenda likizo kabisa. Unaweza kuombwa namba ya kadi ya benki, usipotokea, wanakukata hela.

Wakati huohuo wa kuweka nafasi, sema usichokula. Hili nalisisitiza kwa ndugu zangu Waislamu: kumwambia mhudumu "sans porc", yaani bila nguruwe, ukiwa umeshakaa hakutoshi, maana mchuzi unaweza kuwa umepikwa kwa divai tangu asubuhi. Andika "sans porc, sans alcool", bila nguruwe, bila pombe, tena uulize na nyama inatoka wapi. Jibu wanalokupa, na namna wanavyolijibu, litakusaidia kuchagua kuliko picha yoyote ya mtandaoni. Waliokujibu kwa mkato, achana nao.

Bili isikutishe: huduma imeshajumlishwa kwenye bei, bakshishi ni hiari yako. Maji ya chupa yanalipiwa, lakini ukisema "une carafe d'eau" unaletewa ya bomba, bure. Msione haya, Wafaransa wenyewe wanaagiza hivyohivyo.

Meza yangu ni ya saa sita na robo, mtaa wa pili kutoka hapa. Nimebakiwa na dakika tano, na mwenye kubeba kamera ana njaa kuliko mimi.