Kabla Hujamnunulia Mgonjwa wa Moyo Soksi za Kubana

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za asubuhi.

Kliniki naulizwa sana: "Daktari, mama miguu imejaa maji, tukamchukulie soksi za kubana Kariakoo?" Huwa nawajibu: bado. Tujue kwanza maji yametoka wapi.

Moyo ukichoka kusukuma, damu hujazana kwenye vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni. Figo nazo zikiona damu inazifikia kwa uchache, zinang'ang'ania chumvi na maji. Basi maji yanavujia kwenye nyama na kushuka miguuni. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba, hesabu polepole mpaka tano, achia. Kikibaki kishimo, ndiyo hayo.

Sasa sikilizeni hapa. Soksi haiyatoi maji mwilini. Inayarudisha kwenye damu, na damu inarudi kwenye moyo uleule uliolemewa. Mgonjwa anayelala kwa mito mitatu, anayehema akienda chooni tu, ukimbana miguu yote miwili unaweza kumpelekea maji mapafuni. Huyo mpelekeni hospitali leo hii. Akishapata dawa ya kukojoza kama furosemaidi, pumzi ikatulia na uzito ukashuka, hapo daktari wake anaweza kuruhusu soksi, tena tunaanza na mgandamizo mdogo, milimita 15 hadi 20 za zebaki.

Na kabla ya kuvaa, mapigo ya juu ya wayo yapimwe. Mvutaji sigara au mwenye kisukari huenda ateri zake, mishipa inayopeleka damu miguuni, zimeziba. Ukimbana, unamletea kidonda, na mwenye ganzi hata hatasikia.

Soksi huvaliwa asubuhi, mgonjwa hajashuka kitandani, bila mikunjo, na usiku anavua. Joto la Dar nalijua, Februari ndiyo usiseme! Akishindwa, aseme kliniki, asiikunje ikawa kamba chini ya goti. Vidole vikipoa au vikibadilika rangi, vua mara moja.

Halafu kuna amlodipini, dawa ya presha: nayo huvimbisha miguu. Msiiache wenyewe, ila mwambieni daktari. Na papa mkavu mwenye chumvi nyingi, mama zangu, mnajua nitasema nini.

Mizani je? Hiyo ndiyo ningenunua kabla ya soksi. Mgonjwa apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, aandike kwenye daftari. Zikiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, njooni na hilo daftari, msingoje tarehe ya kliniki.

Haya, maswali. Bibi wa kanga ya njano, karibu.