Mabegi matatu, na mjusi wetu wa Tendaguru

Haya wana-Kusini, hamjambo? Lindi, Mtwara, Masasi, Newala, wote nawasalimu kutoka Berlin. Leo nipo jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la unga, ikianguka msinicheke.

Dada yangu wa Lindi mjini alinipigia juzi. Ana mtoto darasa la kwanza, na mwingine ni wa kundi lile lililoingia la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Akaniuliza, hivi hao wa kwako Ujerumani wanasoma nini hasa? Maana huku wangu wa la kwanza ameshaanza na Kiingereza, mkubwa ana Historia ya Tanzania na Maadili, mimi mwenyewe nababaika. Nikamwambia ngoja. Nikachukua mabegi ya wanangu wote watatu, nikayamwaga hapa mezani.

Huyu wa mwisho yuko la kwanza. Ni KKK tu, kusoma, kuandika na kuhesabu, jina ndilo hawana. Shida yake ni moja: Kijerumani hawasemi ishirini na moja, wanasema "moja na ishirini". Sasa mtoto akisikia moja kwanza, anaandika moja kwanza. Oneni hapa, 21 imekuwa 12, mwalimu kazungushia kwa rangi ya kijani. Nikamwambia mwanangu, itamke kimoyomoyo kwa Kiswahili ndipo uandike. Ukurasa wa pili huu, kosa moja tu.

Wa kati yuko la nne. Namba wameshafika milioni. Lakini kilichonishangaza mimi ni mtihani wa baiskeli, tena kuna kuandika na kuna kuendesha, polisi wapo wanaangalia kama umenyoosha mkono kabla ya kukata kona. Na la tatu walifundishwa kuogelea, kipindi kimo kwenye ratiba kama hesabu, ukifaulu unapewa cheti. Sisi watoto wa Lindi tulijifunzia baharini, cheti chetu kilikuwa fimbo ukirudi nyumbani na chumvi mwilini.

Halafu alama za huku, jamani. Moja ndiyo ya juu, sita umefeli. Kijana alimpigia bibi yake kwa furaha: "Bibi, hesabu nimepata moja!" Bibi kimya. Kisha: "Moja kati ya ngapi, mjukuu wangu? Mama yako anafanya nini huko?"

Mkubwa yuko la sita, na hapa Berlin msingi unaishia hapohapo, ingawa majimbo mengi ya Ujerumani wanamaliza la nne. Dada ndicho kinachomtia wasiwasi, kwa sababu kwa mpango mpya wa nyumbani mwanawe naye ataishia la sita, na mwaka 2027 watamaliza pamoja na wale wa la saba. Anaona kama mtoto anasukumwa. Mimi urefu wa miaka haunisumbui sana. Kinachonisumbua kimo kwenye begi hili la mkubwa.

Darasa lao lilipelekwa kwenye makumbusho ya viumbe asilia, Museum für Naturkunde. Wakapewa karatasi ya kujaza. Hii hapa. Kuna picha ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale, urefu wa kwenda juu mita 13 na kitu, na chini pameandikwa alipopatikana: Tendaguru. Kaja mbio mlangoni hata viatu hajavua: "Mama, hapa si kwenu?"

Ni kwetu, Tendaguru ni kilima cha huko Lindi. Mjusi yule alichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, Mjerumani akiwa bado anatawala, miaka michache tu baada ya Maji Maji. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa yote iliyochimbwa pale, zaidi ya tani 200, ilitoka porini vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Bandari ileile tuliyokuwa tukiishangaa jioni! Na mimi nimesoma Lindi la kwanza hadi la saba, mito ya Ulaya nilikariri, ila jina la Boheti nimelisikia kwa mwanangu, Berlin, nikiwa na watoto watatu.

Nikampigia mtoto wa dada, nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mama mdogo, sasa huyo mjusi anarudi lini?" Nikamwambia hilo wabunge wa Kusini wameshaliuliza bungeni, na bado yuko hukuhuku.

Basi tumepatana. Jumamosi saa sita mchana ya huku, saa saba kwenu, nitakuwa chini ya mjusi, nimwoneshe kwa video kuanzia kidole cha mguu. Naye kazi yake ni kwenda kwa wazee wetu wa upande wa Mipingo, kijiji cha karibu na Tendaguru, na daftari, aulize katika ukoo nani alibeba. Wenye babu zao pande hizo, ulizeni na nyie.