Mgeni Aliyewafundisha Wakuba Kupigana kwa Panga

Asanteni. Nianze na panga, maana hilo kila mmoja wetu humu ukumbini analijua.

Cuba ya mwaka 1868, panga lilikuwa la mkata miwa. Oktoba 10, Carlos Manuel de Céspedes, mwenye kiwanda cha sukari cha La Demajagua, aliwaachia huru watumwa wake akatangaza vita dhidi ya Hispania. Watu wakaja, bunduki hazipo. Wiki chache baadaye, karibu na Baire, mtu mmoja mwembamba aliwaficha wenzake wapatao 40 kando ya njia, kila mtu na panga lake, wakangoja msafara wa askari. Bunduki nyingi za enzi zile ukishafyatua lazima ujaze upya, na hesabu yake yote ilikuwa kwenye huo muda wa kujaza. Askari walipokaribia kiasi cha kuonana nyuso, alipiga ukelele: "Al machete!" Kwa mapanga, jamani! Miaka 30 iliyofuata, askari wa Hispania hawakuwahi kuuzoea ukelele ule.

Sasa, mtu huyo hakuwa Mkuba. Máximo Gómez alizaliwa 1836 mjini Baní, Santo Domingo, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Dominika. Tena alikuwa askari wa Hispania! Hispania ilipoirudia nchi yake mwaka 1861, yeye alipigania upande wa mkoloni. Mkoloni alipotimuliwa 1865, akaondoka naye, akahamia Cuba pamoja na mama yake. Wasimulizi wengi hupenda kulipita jambo hili haraka haraka. Mimi nalisimamisha hapa makusudi. Aliwekwa kando na jeshi, akawa mkulima karibu na Bayamo, na kule ndiko alikouona utumwa wa mashamba ya miwa kwa macho yake. Baadaye aliandika kwamba alijikuta ameshikamana na aliyeteseka kuliko wote kisiwani, mtumwa mweusi, na kwamba hapo ndipo alipojijua kuwa anaweza kupenda watu.

Vita hivyo vya kwanza vilikwisha 1878, uhuru haukupatikana. Gómez akatangatanga, Jamaica, Honduras, na familia yake, mfukoni hana kitu. Mwaka 1884 aligombana na José Martí, mshairi na mpanga mapinduzi, aliyemwandikia kwamba taifa halianzishwi kama kambi ya jeshi inavyoamrishwa. Mzee alinuna, na kwa miaka mingi.

Mwaka 1892 Martí mwenyewe akamfuata Montecristi, katika nchi ya kuzaliwa ya Gómez, kumwomba aongoze jeshi. Barua yake inasema hana ujira wa kumpa isipokuwa raha ya kujitoa mhanga na, yaelekea, utovu wa shukrani wa binadamu. Nani kati yenu angeomba kazi yenye tangazo kama hilo? Gómez alikubali.

Aprili 11, 1895, usiku wa giza na mvua, watu sita, Gómez na Martí wakiwemo, walitua Playitas, pwani ya mashariki ya Cuba, kwa mashua ndogo. Siku 38 baadaye Martí aliuawa. Mzee aliendelea na Jenerali Antonio Maceo, msaidizi wake mkuu vitani, wakaipeleka vita kutoka mashariki hadi magharibi ya kisiwa, wakichoma miwa njiani. Sukari ndiyo iliyolipia jeshi la Hispania, kwa hiyo sukari iungue. Sitaki kuupamba moto ule. Mkulima mdogo alibanwa kati ya moto huo na Jenerali Weyler wa Hispania, aliyewakusanya watu wa vijijini kwenye maeneo yenye ulinzi, wakafa kwa njaa na maradhi kwa makumi ya maelfu.

Gómez naye alilipa. Mwanawe Panchito, aliyezaliwa porini wakati wa vita ya kwanza, alikuwa na Maceo Desemba 7, 1896, huko San Pedro. Mkono wake ulikuwa na jeraha, umefungwa kwa kitambaa shingoni, kwa hiyo aliachwa nyuma. Aliposikia Maceo ameanguka, alikwenda bila silaha kukaa na maiti ya jenerali wake. Alikuwa na miaka 20. Adui walimkuta hapo, wakammaliza kwa panga. Silaha ya baba yake.

Marekani iliingia vitani 1898, Hispania ikasalimu amri, na Gómez akaingia Havana Februari 24, 1899 huku mji mzima ukiwa barabarani. Wiki chache baadaye, bunge la wapiganaji wenyewe lilimvua ukamanda kwa ugomvi wa fedha za kuwalipa askari. Akaandika tamko fupi: mgeni kama nilivyo, sikuja kuwatumikia watu hawa kama askari wa kukodiwa. Martí alikuwa amemwonya.

Katiba ya 1901 iliweka kifungu kinachomruhusu aliyezaliwa nje kugombea urais iwapo aliipigania Cuba miaka kumi. Kila mtu alijua kimeandikiwa nani. Hakugombea, alimuunga mkono Estrada Palma, aliyekuwa rais wa kwanza. Mei 20, 1902, Marekani ilipowakabidhi Wakuba nchi yao, alishiriki kuipandisha bendera ya Cuba, akasema, "Nadhani tumefika."

Mwaka 1905 alisafiri kwenda Santiago, na watu wakapanga foleni kumpa mkono. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kidonda kidogo mkononi, na kwa kushikwa na kubanwa na mamia ya watu, kidonda kikaoza. Alirudishwa Havana akiwa na homa. Alifariki Juni 17.