Selfu Inazunguka, Gari Haliwaki

REHEMA: Karibuni tena kijiweni. Leo tunalo gari la petroli: selfu inapiga vizuri, injini inazunguka, lakini haishiki. Tutaishika injini moja ili tusiongee hewani, nayo ni 1NZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox, Succeed, IST na baadhi ya Vitz.

MUSA: Na tuanze na pampu ya mafuta, maana ndiyo inayobebeshwa lawama kabla ya wote. Mtu anaweka swichi ON, anatega sikio kiti cha nyuma, kimya. Basi, pampu imekufa! Kiti kinang'olewa, pampu inanunuliwa, gari bado haliwaki.

REHEMA: Na kimya hicho, kwa Toyota nyingi za kizazi hicho, ni cha kawaida kabisa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaifunga relei ya pampu (swichi ya umeme), ile iliyoandikwa C/OPN, pale unapopiga selfu, kisha inaendelea kuishikilia kama inaona injini inazunguka. Kwa hiyo anayesikiliza awe nyuma, na mwingine awe kwenye usukani anapiga selfu.

MUSA: Hapo kwenye "inaona injini inazunguka" ndipo penye kazi, dada Rehema. Inaona kupitia sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Sensa hiyo ikifa, plagi hazipati moto, nozo zinazopulizia petroli hazimwagi, na pampu haishikiliwi. Fundi anaona vitu vitatu vibovu kwa mpigo, kumbe kibovu ni kimoja.

REHEMA: Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Chomeka, fungua ukurasa wa data, tazama mzunguko wa injini wakati selfu inapigwa. Unatakiwa kuona kama 200 hadi 250 kwa dakika. Ukiona 0 huku injini inazunguka kweli, acha pampu, acha koili zinazozipa plagi umeme, nenda kwenye sensa ya krenki na waya zake. Ipo upande wa puli, chini, mahali panapopenda kulowa oili.

MUSA: Bila mashine?

REHEMA: Chomoa soketi ya sensa, pima kwa mita. Inategemea toleo, lakini ikiwa ya baridi utapata kati ya ohimu 1,000 na 2,700. Mita ikionyesha njia imekatika, au karibu na sifuri, sensa imekwisha. Shida ni zile zinazokatika zikipata joto tu: gari linazima barabarani, linapoa, linawaka tena. Hiyo ipime ikiwa bado ya moto.

MUSA: Naongeza betri hapo, tena ingetangulia. Ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga selfu isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, selfu inaweza kuendelea kujikongoja huku kontroli boksi ikikosa umeme wa kutosha. Na usipige selfu mfululizo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha nusu dakika.

REHEMA: Sawa, mzunguko unasomeka, betri nzima. Sasa moto wa plagi. Chomoa kwanza soketi za nozo zote nne usije ukamwaga petroli bure. Toa koili ya silinda ya kwanza, bolti yake ni ya spana 10, vika plagi ya akiba, bana uzi wa plagi, yaani sehemu yake ya skrubu, kwenye chuma cha injini, piga selfu sekunde mbili.

MUSA: Ibane kweli kweli. Plagi ikielea hewani, umeme unatafuta njia ndani ya koili na unaiua.

REHEMA: Zikikosa moto zote nne, sioni sababu ya kununua koili nne. Ni nadra koili nne kufa siku moja. Tafuta kinachoziunganisha: umeme wa swichi unaoingia kwenye soketi zake, na ethi, yaani waya wa hasi. Halafu kuna waya ya IGF, inayorudisha taarifa kwa kontroli boksi kwamba koili imefanya kazi. Zinaichangia zote nne. Koili moja ikipiga shoti kwenye waya hiyo, kontroli boksi inaweza kukata mafuta. Chomoa soketi za koili moja moja huku unajaribu kuwasha.

MUSA: Moto ukiwepo, turudi kwa pampu, sasa kwa haki yake. Inua kiti cha nyuma, pima volti kwenye soketi ya pampu huku selfu inapigwa. Umeme upo, ethi ipo, pampu kimya: hiyo sasa badilisha. Umeme haupo: fyuzi ya EFI, relei, na traka.

REHEMA: Ah, traka! Alamu na vifaa vya kufuatilia magari vinavyofungwa mtaani vina relei ndogo iliyokata waya wa pampu au wa swichi, imefungwa kwa tepu chini ya dashibodi. Relei hiyo ikichoka, gari linakufa na mashine haionyeshi kosa lolote. Ukikuta tepu isiyo ya kiwandani, anzia hapo.

MUSA: Na kwa magari yenye ulinzi wa funguo, tazama taa yake. Ukiweka ufunguo ON na taa bado inapepesa, gari halijautambua. Jaribu ufunguo wa pili.

REHEMA: Pampu ikizunguka, funga geji kwenye paipu ya mafuta: kPa 304 hadi 343. Ikiwa chini, angalia filta na regyuleta inayodhibiti presha ya mafuta, vyote viko ndani ya tenki. Na kama gari limegoma muda mfupi baada ya kutoka sheli, toa petroli kidogo kwenye chupa safi, iache itulie. Maji yatakaa chini.

MUSA: Moto upo, mafuta yapo, plagi zimelowa petroli?

REHEMA: Imekunywa, yaani petroli imezidi kwenye silinda. Kanyaga mafuta hadi chini, usiachie, piga selfu. Kontroli boksi inazima nozo, na hewa inakausha silinda. Ikikataa, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda: ya kiwanda ni kPa 1,471, na isiwe chini ya 1,079.

MUSA: Injini hii ina cheni ya taimingi, haina mkanda, lakini cheni iliyolegea kwa oili mbovu inaruka meno. Selfu inasikika nyepesi, haina ule mdundo wa kupanda na kushuka.

REHEMA: Ila usikimbilie kufungua kava la cheni. Petroli nyingi inaosha oili kwenye kuta za silinda, na kompresheni inashuka kwa sababu hiyo tu. Weka kijiko kimoja cha chai cha oili kila silinda, zungusha bila plagi, pima tena. Ikipanda, rudisha plagi kavu uwashe; moshi wa bluu wa mwanzo usikutishe.